Mistari Imejaa, Mtandao Haupo

Hapa Kakuma kuna sentensi moja inayomaliza mazungumzo yote: "Mtandao umeenda." Umeenda wapi na utarudi saa ngapi, hakuna anayeuliza. Ni kama mtu amesema mvua imegoma. Unafunga laptopu, unatoka nje, unatafuta kivuli, unangoja. Na kungoja tunakujua. Tunangoja mgao, tunangoja jina litoke, tunangoja kuitwa ofisini, kwa hiyo waifai ikikata tunaiweka tu kwenye foleni pamoja na yale mengine. Nataka kuandika habari ya mwaka jana, jinsi kwenye boma letu tulivyokataa kungoja, angalau kwa hiki kimoja.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana. Nilikuja hapa mtoto kutoka upande wa Fizi, Kivu ya Kusini, nikasoma hapa hapa mpaka kidato cha nne. Chuo cha kompyuta sikusoma. Ninachojua nimekipata kwa kufungua vitu, kusoma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa vifaa, na kuuliza mafundi mpaka wanikasirikie.

Boma letu lina nyumba sita, ua mmoja. Tunatumia rauta moja, ile ya kuweka laini ya simu ndani: inavuta mtandao wa 4G kutoka kwenye mnara halafu inaugawa kama waifai. Niliinunua mtumba mjini, na kila mwezi kila nyumba inachanga shilingi 500. Mtu anaweza kuuliza, kwani kituo cha vijana hakina intaneti? Iko, tena nzuri. Lakini kituo kinafungwa saa 10 jioni, na msichana akimaliza kuchota maji, kupika na kulaza mtoto, ni saa 2 usiku. Usiku huo hawezi kutembea kuvuka laga kwenda kutafuta mtandao mahali, sote tunajua kwa nini. Kwa hiyo msichana anayesoma kwa mtandao, kama nyumbani hakuna waifai, huyo hasomi. Mimi naona hivyo, na nimewaambia hata wakubwa wangu kazini.

Nyumba ya tatu kuna dada mmoja, ana mtoto wa miaka miwili, anasoma chuo cha nje kwa njia ya mtandao. Nyumba ya kwanza kuna mama tunayemwita Mama tu, wa boma zima. Watoto wake wawili wakubwa walienda Marekani mwaka 2023, faili lake yeye lilikuwa bado nyuma. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na faili likabaki pale lilipo. Wajukuu anawaona Jumapili usiku kwenye simu, basi. Nyumba ya sita ni vijana wawili wanaochapa maandishi kwa malipo, na kazi ikichelewa hawalipwi.

Hao wote walikuwa wanakuja kwa mlango wangu. Mama alikuwa na njia yake ya kuuliza:

"Papa, ile mashini yako imelala tena?"

"Haijalala, Mama. Taa zinawaka."

"Sasa kama macho iko wazi, mbona haisikii?"

Swali la Mama ndilo swali lenyewe. Watu wengi huangalia ile alama ya waifai juu ya simu, wanaona mistari imejaa, wanasema basi mtandao uko, simu ndiyo mbovu. Wengine wameuza simu nzima kwa sababu hiyo. Niliwaeleza kwa bomba la maji, maana bomba kila mtu analijua. Ile mistari inakuambia tu uko karibu na bomba kiasi gani. Haikuambii kama kisimani pampu inafanya kazi. Unaweza kusimama na jerikani yako mdomoni mwa bomba, mistari yote imejaa, na bomba kavu. Kuna safari mbili: kutoka mnara mpaka rauta, na kutoka rauta mpaka simu yako. Zote mbili zinaweza kukatika, na dawa yake si moja.

Kuzitenganisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila rauta ina ukurasa wake wa ndani, unaufungua kwa kuandika namba. Yetu ni 192.168.8.1, na yako utaikuta imeandikwa kwenye kibandiko chini ya rauta. Ukurasa huo hauhitaji intaneti hata kidogo, unatoka kwenye rauta yenyewe. Kwa hiyo mtandao ukikata, fungua ukurasa huo kwanza. Ukifunguka haraka, simu yako na rauta wanaelewana, ugonjwa uko mbele, kuelekea mnara. Ukikataa kufunguka, ugonjwa uko hapa hapa nyumbani. Ni nusu dakika, na tayari umepunguza nusu ya dunia.

Halafu ndiyo daftari. Kazini tunaandika kila kitu, nani amekuja, nani hakuja, na nikafikiri, kwa nini tusiandike hii pia? Nilichukua daftari la shule la kurasa 96, nikalifunga kwa kamba kando ya rauta pamoja na kalamu. Sheria ilikuwa moja: ikikatika, usipige kelele, andika. Siku, saa, imekatika dakika ngapi, taa za rauta zilikuwa rangi gani, ukurasa wa ndani ulifunguka au la. Siku mbili za kwanza watu walicheka. Mmoja aliandika, "Saa 3 usiku, imekatika, moyo wangu pia." Lakini waliandika. Watoto ndio waliandika zaidi ya wakubwa, kwa sababu walipenda kupima dakika.

Baada ya wiki tatu nilikaa na dada wa nyumba ya tatu tukasoma. Kumbe mtandao ulikuwa na saa zake! Ulikata mchana kati ya saa 7 na saa 9. Ulikata jioni kati ya saa 1 na saa 2, lakini kwa vipande, dakika mbili, dakika mbili, mara tano mara sita. Na usiku kuanzia saa 3 haukukata kabisa, ulizama tu, video ikizunguka na kuzunguka mpaka karibu saa 5. Sisi wote tulikuwa tunaita vitu hivyo kwa jina moja. Ni kama kusema mtu ana homa: malaria ina homa, taifodi ina homa, kidonda kilichooza pia kina homa.

Tulianza na ile ya jioni, kwa sababu zile dakika mbili zilitushangaza. Kwa nini kila mara mbili? Dada ndiye aliyekumbuka kwamba ukizima rauta na kuiwasha, inachukua kama dakika mbili mpaka ipate mnara. Kwa hiyo ile haikuwa kukatika kwa mtandao. Rauta ilikuwa inazimika na kuwaka yenyewe.

Stima yetu inatoka kwa jenereta ya mzee mmoja mfanyabiashara. Kama sehemu nyingi za kambi, mtu ana jenereta, anavuta nyaya, unalipa kwa mwezi kulingana na taa na vifaa ulivyo navyo. Niliazima mita ya fundi wa simu, nikaichomeka kwenye soketi iliyo kando ya rauta. Mchana ilisoma volti 228. Saa 1 na robo jioni ilisoma 171. Nikasubiri. Ghafla taa zikafifia, mita ikashuka mpaka 88, rauta ikafa. Halafu taa zikarudi, na rauta ikaanza kutafuta mnara upya kama mtu aliyeamshwa na maji. Niligeuza chaja yake, kibandiko kinasema inakubali volti 100 mpaka 240. Kwa 88 ilikuwa na haki yake kufa.

Nilitoka nje nikafuata waya kwa macho. Waya ule ni mwembamba, mrefu, umefungwa kwa viungo vya plastiki, na kabla ya kufika kwetu unapita saluni. Saa ile ya jioni ndiyo wanawake wametoka kazini na wanatengeneza nywele. Kila mashine ya kukausha nywele ilipowashwa, intaneti ya boma letu ililipa.

Nilienda kwa mzee na daftari mkononi. Alikuwa anakunywa chai.

"Mzee, shikamoo. Stima ya jioni inaanguka."

"Marahaba. Stima iko. Taa yako haiwaki?"

"Inawaka, mzee, lakini tazama hizi saa."

Sikutegemea angelichukua daftari. Alilichukua, akavaa miwani, akasoma kurasa tatu kwa kidole. Halafu akaita kijana wake wa jenereta akamwonyesha. Shida yake, alisema, ni waya. Waya mnene kutoka jenereta mpaka mwisho wa njia yetu ni pesa nyingi, na nusu ya wateja hawalipi kwa wakati. Sikumpinga, kwa sababu ni kweli hawalipi. Lakini alisema neno ambalo sikulisahau: "Hiyo kitu yako ndogo, inakula nini? Kwa nini unaileta kwa jenereta?"

Alikuwa anasema ukweli kabisa. Rauta yetu inakula kama wati 6. Nyumba ya nne wana sola, na betri ya volti 12 ya ampea-saa 20, ambayo walikuwa wanaitumia kwa taa mbili na kuchaji simu za watu. Tulipiga hesabu ubaoni: 12 mara 20 ni wati-saa 240, usiimalize betri, tumia nusu, 120, gawanya kwa 6, ni saa 20. Usiku mzima na zaidi. Fundi alituwekea kifaa kidogo cha kutuliza volti katikati, kwa sababu betri ikichajiwa inapanda mpaka 14 na kitu, na rauta inataka 12. Nyumba ya nne wakaacha kuchanga zile 500, tukasema betri yao ndiyo mchango. Tangu siku hiyo saluni ikaushe nywele za Kakuma yote, sisi hatuna habari.

Ya mchana ilikuwa tofauti. Rauta ilikuwa imetundikwa juu, karibu na paa, kwa sababu kila mtu anajua mtandao uko juu. Ni kweli, juu kuna mtandao zaidi. Lakini juu pia kuna mabati, na mabati ya Kakuma saa 8 mchana sihitaji kumweleza msomaji wa hapa. Niliigusa rauta nikatoa mkono. Vifaa hivi vikipata joto sana vinapunguza nguvu vyenyewe au vinajizima, ili visiungue. Tukaishusha chini kando ya ukuta wa udongo, penye baridi. Ikapoa, na mtandao ukawa mbaya zaidi.

Hapo ndipo niliwafundisha vijana wa boma kusoma ile namba iliyo kwenye ukurasa wa ndani, ya nguvu ya mnara. Ni namba hasi, na ukaribu wake na sifuri ndio uzuri wake. Chini ya ukuta ilikuwa -118. Tulizunguka nayo nyumba nzima kama watu wanaotafuta pesa iliyoanguka, mmoja ameshika rauta na betri, mmoja anasoma, mmoja anaandika. Mlangoni -111. Dirisha la nyuma -109. Nje, chini ya ukingo wa paa, upande unaotazama mnara, -97. Mtu akiona 118 na 97 atasema tofauti ni ndogo. Si ndogo. Kwa kipimo hiki kila hatua ya 10 ni mara kumi, kwa hiyo hatua 21 ni zaidi ya mara 100. Mabati ya paa na ya mlango yalikuwa yanazuia mawimbi yale kama mkono unavyozuia jua.

Basi nje. Lakini nje kuna vumbi, kuna jua la jioni, kuna mbuzi, na kuna watu wenye mikono mirefu. Kijana mmoja wa miaka 14 alikuja na wazo la kuitia ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, lile la bati. Tukaitia, tukasoma: namba ikaanguka mpaka rauta ikapoteza mnara kabisa. Nilifurahi iwe hivyo, kwa sababu hakuna somo ambalo ningeweza kutoa kwa mdomo likamwingia vile. Bati ni bati, liwe paa au kopo. Akaenda akarudi na jerikani nyeupe ya plastiki iliyopasuka chini. Tukaikata mlango, tukaitoboa matundu pande zote, matundu tukayafunika kwa kipande cha chandarua cha zamani kuzuia vumbi, tukaitundika chini ya ukingo wa paa na kuijengea kivuli cha nyasi juu. Kwa ndani, upande wa ukuta, tuliifunga kwa waya wa chuma, maana watu ni watu. Namba ikabaki -97 na saa 8 mchana unaishika bila kuruka. Wageni wakija wanauliza kwa nini tumetundika jerikani juu ya dirisha. Mama anawajibu kwamba ndimo tunamochotea watoto wake.

Nyumba ya tano ilibaki na malalamiko yake, lakini hiyo ilikuwa fupi. Mlango wao ni wa mabati. Ukifungwa, waifai haiingii, ukiachwa wazi kidogo, inaingia. Tuliwaambia hivyo na wakadhani tunawatania.

Ilibaki ya usiku, na hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Nilifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, nikahesabu. Boma letu lina simu na laptopu 14. Orodha ilikuwa na 29. Si mizimu. Paswodi ilikuwa imetoka nje ya ua, mtoto amempa mwenzake, mwenzake amempa kaka yake, na usiku vijana walikuwa wanakaa nyuma ya ua wetu wa miiba na simu zinawaka kama vimulimuli. Mimi nawajua vijana hao, wengine wanakuja kituoni. Kuwafungia mlango halafu asubuhi nisimame mbele yao niseme tushirikiane, ilinipa shida moyoni. Lakini dada alikuwa na mtihani Alhamisi ya wiki mbili mbele, saa tatu mfululizo, na chuo chake kilisema ukipotea kwa zaidi ya dakika 10 mtihani unafungwa. Muhula mzima.

Tulikaa kikao uani. Baba wa nyumba ya pili alitaka paswodi mpya na iishie hapo. Mama alisema, "Sisi wote tumekunywa kwa kisima cha mtu." Tulibishana mpaka giza. Mwisho tulifanya hivi: paswodi mpya kwa nyumba sita, na ule mtandao wa pili wa wageni, ambao rauta nyingi zinao na watu hawaujui, tukaufungua kwa vijana wa nje kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 12 jioni, ukiwa umepunguzwa kasi. Usiku unafungwa. Wengine walinuna. Mmoja hakunisalimia mwezi mzima. Na simu zetu zote tukazizuia zisijipakulie masasisho zenyewe, zipakue alfajiri, kwa sababu tuligundua simu sita zilizolala zinaweza kumaliza bando bila mtu kugusa kitu.

Usiku ukapata nafuu, haukupona. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya mnara wenyewe. Mnara ni kama bomba la pamoja. Saa 3 usiku kambi yote na mji wote wako juu yake, na hata uwe na jerikani nzuri namna gani utasimama foleni. Niliwapigia simu watu wa huduma kwa wateja. Kwanza waliniambia nizime na niwashe. Kuzima na kuwasha kunasaidia, sikatai, rauta inasahau mambo yake na kujiandikisha mnarani upya. Lakini mtu akizima na kuwasha mara kumi kwa siku hatajua kamwe nini kinamsumbua. Safari hii niliwasomea daftari: tarehe, saa, namba ya mnara, kwamba ukurasa wa ndani unafunguka. Sauti ya yule kijana ilibadilika, akaanza kuuliza maswali ya maana, akanipa namba ya malalamiko. Saa za usiku hazikubadilika baada ya hapo. Lakini hakuniambia tena nizime niwashe.

Kwa hiyo kilichohama ni Mama. Saa 3 usiku Jumapili ndiyo ilikuwa saa yake, kule watoto wametoka kanisani. Tulimshauri apige saa 10 jioni yetu, ambapo kwao ni asubuhi, kabla ya kanisa. Binti yake alilalamika kuamshwa. Mama akamwambia amemwamsha miaka mingi kunyonya, sasa ni zamu yake. Jumapili ya kwanza walizungumza saa nzima na dakika 20 bila picha kuganda. Aliona mjukuu mdogo akitembea kutoka kitini mpaka mlangoni. Alitoka nje akakaa kwenye benchi, hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza.

Mtihani wa dada ulikuwa Alhamisi saa 8 mchana, katikati kabisa ya ile saa iliyokuwa mbaya. Betri ilikuwa imejaa. Nyumba zote zilizima waifai kwenye simu zao, mtandao wa wageni ulifungwa, na Mama alikaa mlangoni na mtoto wa dada mgongoni. Pembeni ya laptopu tuliweka simu yenye laini ya kampuni nyingine, ina bando ndani, na laptopu tayari imeshawahi kuunganishwa nayo ili isiulize paswodi. Saa 9 na dakika 40 mtandao ukakata. Mimi nilikuwa uani, niliona taa ya mnara kwenye jerikani imegeuka nyekundu, nikasikia kiti kikisogea ndani. Hakuniita. Alifungua ukurasa wa ndani, ukafunguka, akajua ni mnara, hakugusa rauta, akahamia kwenye simu. Baadaye alisema ilimchukua chini ya dakika moja, na mikono ndiyo ilitetemeka, kichwa hakikutetemeka. Mnara ulirudi baada ya dakika 4. Alimaliza mtihani akiwa kwenye simu, hakutaka kurudi.

Alipata 71. Sasa yuko muhula mwingine, na vijana wawili wa nyumba ya sita wamenunua betri yao.

Daftari la kwanza lilijaa mwezi wa tisa. La pili linashikwa na yule kijana wa kopo la bati. Ameongeza safu yake mwenyewe upande wa kulia, ameiandika "Sababu", na haruhusu mtu aijaze kabla hajaenda kuangalia. Jana nilipopita niliona mstari wa mwisho: Jumanne, saa 2:10 usiku, dakika 6, taa zote hakuna. Sababu: mbuzi, waya wa betri.